Magonjwa Yote Yana Namba

Mwanza, 6 Februari 1983

Mwanangu Vahwere,

Ninakuandikia nikiwa nimetimiza miaka kumi na minane na miezi mitatu nje ya Bunia. Nahesabu kuanzia Novemba ya 1964, asubuhi ile ya vita nilipoteremka Kasenyi kutafuta mtumbwi wa kunivusha ziwa kwenda upande wa Uganda. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako Emérance, umelala, wala hukuniaga.

Sisi hapa ni wazima. Mama yako mkubwa Hélène bado anasumbuliwa na miguu, lakini ulimi hauna ugonjwa, na anakusalimu sana. Kibanda changu cha vitabu bado kipo karibu na kanisa. Siku hizi nauza madaftari kuliko vitabu, na Biblia kuliko madaftari. Barua yako ya Novemba aliniletea Gaspard, yule mfanyabiashara wa vitenge wa Butembo. Ilipitia Kampala, ikafika Januari ikinuka samaki. Mwambie ndugu yangu Mathieu, baba yako, kwamba nimefurahi kusikia paa la nyumba ya Nyakasanza limebadilishwa.

Sasa nije kwenye neno lako. Unasema umemaliza shule, una diploma, na ofisi ya afya hapo mjini inatafuta mtu wa kuandika magonjwa kwa namba. Ukaniuliza hiyo ni kazi gani. Sikuijua. Kwa hiyo nilivaa koti nikaenda hospitali ya hapa, mlango wa masjala, nikamkuta mama mmoja mwenye miwani. Akanionyesha vitabu viwili vinene vinavyotoka Shirika la Afya la Dunia. Mwanangu, nimeshika vitabu vingi maishani, lakini vile nilivishika kama mtu anayepewa mtoto mchanga wa mwenzake. Kila ugonjwa ambao binadamu amewahi kuugua umepewa namba. Surua ni 055. Malaria ni 084. Tauni, ambayo wazee wetu walihama vijiji kwa ajili yake, ni 020, tarakimu tatu tu.

Nikamwuliza, "Na mtu akipigwa na radi?"

Akafungua. "E907."

"Na akiumwa na mbwa?"

"Mzee, umekuja kutibiwa au umekuja kunifanyia mtihani?"

Kitabu chake ni cha Kiingereza. Chenu kitakuwa cha Kifaransa. Lakini namba ni zilezile, Mwanza, Bunia na kila mahali. Mama wa Kijapani akililia mtoto wake aliyekufa kwa surua, na mama wa mtaa wa Mudzipela akimlilia wake, karani wa kule na karani wa hapo Bunia wanaandika 055. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi kwa muda kabla ya kuweza kwenda nyumbani.

Iombe kazi hiyo. Nitakunakilia kwa mkono yote atakayoniruhusu yule mama.

Baba yako mkubwa,
Mumbere Anselme


Bunia, 27 Machi 1983

Baba mukubwa,

Shikamoo nyingi kutoka kwetu sote. Mama anapona kikohozi. Baba yuko Komanda wiki nzima, kwenye duka la njia panda, maana malori ya Butembo yamekwama kwenye matope na madereva wanakula na kununua kwa deni la maneno. Hapa Nyakasanza mvua imeanza, na baridi ya asubuhi unaijua.

Nilikwenda kwenye ile ofisi. Katibu anaitwa citoyen Théodore, maana hapa siku hizi kila mtu ni citoyen, yaani mwananchi. Sikiliza tulivyozungumza.

"Weye iko mutoto wa nani?"

"Ya Mathieu, ule wa duka ya Komanda."

"Na iko na expérience ya kazi?"

"Hapana, citoyen. Niko na diplôme."

"Diplôme banayo batu bote. Siye tunatafuta mutu wa expérience, miaka tatu."

"Hiyo expérience banauzishaka wapi, citoyen, nikaende kununua?"

"Hata mu duka ya baba yako haiko!"

Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka mpaka mlango wa ndani ukafunguliwa. Akatoka docteur Élise, mzungu mfupi, nywele nyeupe, anayesema Kiswahili cha hapa kutushinda. Akauliza tunacheka nini. Théodore akamweleza. Docteur akaniangalia kuanzia viatu, akanionyesha chumba cha mwisho. "Expérience iko mule ndani, inakula vumbi. Ingia."

Baba mukubwa, ni chumba kizima cha fiche, yaani karatasi za wagonjwa na za waliokufa. Tangu vitabu vya namba vilipofika, hakuna aliyevifungua. Docteur amesema niingie bila mshahara mpaka mvua ziishe, niweke namba kwenye fiche za mwaka jana. Nikiweza, atasahau miaka mitatu. Nikishindwa, nitakuwa angalau nimefagia.

Nimetafuta kwenye kitabu kama kuna namba yangu mimi. Iko! Mtu aliyekosa kazi ni V62.0. Nilijiandikia fiche kwa penseli, halafu nikaifuta, maana karatasi ni za wagonjwa.

Jambo moja la nyumbani. Baba hajasema ndiyo. Anataka nikakae duka la Komanda, kwa sababu yeye macho yamechoka. Nilipomwuliza kama ananikatalia, akajibu, "Si mimi wa kusema. Mukubwa atakuja, atasema." Je, unakuja lini?

Mtoto wako,
Vahwere


Mwanza, 15 Mei 1983

Mwanangu,

Salamu kwa Emérance, na nafurahi kikohozi kimekwisha. Hapa Hélène amenunua kuku watatu na kuwapa majina ya wajumbe wa baraza la kanisa, kisha anawagombeza kwa sauti ili majirani wasikie.

Nimecheka sana juu ya Théodore. Usimchukie. Mtu anayelinda mlango hupenda aombwe vizuri.

Katika bahasha hii kuna kurasa ishirini nilizonakili. Yule mama wa masjala amenipa shauri la kazi, nami nakuletea kama alivyosema. Vitabu ni viwili. Cha kwanza kina magonjwa kwa mpangilio wa namba, cha pili kwa mpangilio wa alfabeti. Wanaoanza hutafuta jina kwenye cha alfabeti, wakaandika namba palepale, wakaendelea. Usifanye hivyo. Ukishapata namba kwenye cha alfabeti, nenda nayo kwenye kile cha kwanza, usome maneno yaliyo juu yake na chini yake, maana huko wameandika kinachoingia na kisichoingia. Ndipo uandike.

Nilipokuwa nanakili mwishoni kabisa, nilikuta E999. Hiyo ni namba ya mtu aliyeumia vitani, vita vikaisha, lakini madhara yake yakabaki naye. Nilisimamisha kalamu. Mahali fulani mbali, watu wamekaa mezani, wamevaa tai, wameandika magonjwa ya moyo na ya meno, halafu mmoja wao akasema: ngojeni, kuna mtu ambaye vita vyake havijaisha, naye tumpe nafasi. Wakampa. Sijui kama walijua wamefanya jambo kubwa kiasi gani.

Kuhusu kuja kwangu, tutaangalia kiangazi cha mwakani, barabara zikikauka.

Baba yako mkubwa,
Anselme


Bunia, 18 Julai 1983

Baba mukubwa,

Sisi ni wazima. Binti ya jirani yetu ameolewa Mudzipela, ngoma siku mbili, Mama amerudi hana sauti. Kurasa zako zimefika zote.

Nilikosea kazi. Nakuandikia mwenyewe, kabla hujasikia kwa Gaspard, ambaye husikia kila kitu.

Nilianza na fiche za waliokufa. Fiche hizo zina mistari mitatu. Mstari wa juu, muuguzi anaandika kilichomwua mtu mwishoni. Mstari unaofuata, anaandika kilichosababisha hicho. Chini kabisa, kilichoanza. Mimi nilichukua mstari wa juu kwenye fiche zote. Niliandika namba za "kushindwa kupumua", "degedege", "moyo kusimama". Nilijaza rundo refu, nikalipeleka kwa docteur nikiwa nimejisuka nywele kwa ajili ya siku hiyo.

Alisoma fiche tano, akaliweka rundo chini.

"Vahwere, mu kilio ya kwenu, mutu akiuliza 'amekufa namna gani', banajibu nini?"

Nikamweleza. Kwetu mgeni akifika msibani, mwenye msiba anamhadithia usiku wa mwisho. Alikohoa, akaomba maji, akageukia ukuta, akanyamaza. Ndivyo heshima ilivyo. Kurudi nyuma na kuuliza ugonjwa uliingiaje ni kama kutafuta mchawi, na anayeuliza hivyo anaangaliwa vibaya.

Docteur akasema, "Basi umeandika kilio. Kitabu haikuje ku kilio. Kitabu inauliza kilichoanza. Mutoto alikufa na degedege, degedege ilitoka mu homa ya mapafu, homa ya mapafu ilitoka mu surua. Andika surua."

Akanirudishia rundo zima. Théodore akaniona nikitoka nalo, akasema, "Citoyenne, expérience imekuwa nzito?" Nililia chumbani nikiwa nimegeukia rafu.

Halafu nikaanza upya. Baba mukubwa, sijui nikueleze vipi. Zile fiche nilizokuwa nimeziandikia mambo kumi tofauti, nikishuka mpaka mstari wa chini, zilianza kufanana. Mtoto wa Komanda aliyeshindwa kupumua: 055. Wa Mudzipela aliyeharisha mpaka akaisha: 055. Wa Nyakasanza, nyumba ya nne kutoka kwetu, ambaye kwenye kilio chake nilipika chai na nikasikia kwa masikio yangu kwamba aliota ndoto mbaya, akalala asiamke: 055. Ilikuwa kama mtu ameinua pazia. Kilikuwa kitu kimoja kilichopita katikati yetu mwaka mzima kikivaa nguo tofauti kila nyumba, na sisi tuliokaa kwenye mikeka hatukukiona, kwa sababu ya adabu.

Docteur amechukua hesabu hiyo ili aombe chanjo zaidi. Amesema rundo la pili halina kosa la kurudisha.

Baba bado anasema anakungoja.

Vahwere


Mwanza, 29 Agosti 1983

Vahwere, mwanangu, mwenye jina la mama yangu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Kisha nikamsomea Hélène, naye akazima redio, jambo ambalo hamfanyii hata padri.

Mimi ni mtu niliyesoma. Nimesoma historia za wafalme na safari za watu waliozunguka dunia. Lakini kwamba mtoto niliyemwacha mgongoni ameketi kwenye chumba cha vumbi hapo Bunia, akashuka mstari kwa mstari mpaka akaona kilichokuwa kikiua watoto wa mji mzima, hilo sikulisoma popote. Nilihisi kama siku nilipoingia kanisa kubwa la Kampala mara ya kwanza, watu wanaimba, nami nimechelewa, nimesimama mlangoni na kofia mkononi.

Usijute kilio. Watu wanahitaji kuhadithiana usiku wa mwisho. Ila ni vizuri mji ukiwa na mtu mmoja anayeuliza kilichoanza.

Umeuliza tena nitakuja lini. Mvua hapa zimewahi mwaka huu, na paspoti yangu inahitaji picha mpya. Tutaona.

Anselme


Bunia, 25 Septemba 1983

Baba mukubwa,

Salamu. Mama ni mzima. Baba ni mzima kwa mwili.

Docteur Élise amenipa kazi. Si ya majaribio, ni kazi yenyewe, jina langu kwenye karatasi, ofisi yenye dirisha. Théodore mwenyewe ndiye aliyepiga barua kwa mashine, akanipa akisema, "Sasa weye ndiye utaniuliza mimi expérience." Lakini ni lazima niweke sahihi kabla ya Noeli. Kuna kijana wa Kisangani amefanya kazi hii miaka mitano, anaomba nafasi hiyohiyo, na wakubwa wa ofisi wanampenda yeye. Docteur amewazuia kwa jina langu. Baada ya Noeli hawezi.

Nilimpelekea Baba barua ile Komanda. Niliikuta njia panda imejaa malori, naye anapima chumvi. Akasoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. Ndipo tukazungumza, na madereva wanasikia.

"Ni muzuri," akasema. "Ngoja mukubwa."

"Baba, mukubwa iko Mwanza."

"Najua kwenye iko. Binti ya nyumba akiacha kazi ya nyumba na kuenda kazi ya batu, neno ni la mutoto wa kwanza. Mimi ni wa pili. Yeye ni muzima, na amesema atakuja. Mimi nikisema kabla yake, nitakuwa nimemuzika."

"Basi aandike tu kwa barua, akubali."

"Neno ya namna ile halitumwe mu bahasha. Anakaa chini, anaangalia mutoto mu macho, ndipo anasema. Baba yetu alifanya vile, na baba yake vilevile."

"Na kama neno lingekuwa lako?"

Akamimina chumvi kwenye mfuko wa mtu kabla ya kujibu. "Lingekuwa langu, ningekuacha uende leo. Unaona mimi sijue kama unafaa?"

Dereva mmoja akasema, "Muzee, mwache mutoto!" Baba akamwambia alipe chumvi na aende zake.

Sasa nitasema neno ambalo mtoto hasemi, na usiponijibu nitajua kwa nini. Kila mwaka unaandika "kiangazi cha mwakani". Barabara zimekauka mara kumi na nane. Kazi hii imenifundisha kutosimama kwenye mstari wa juu. Paspoti ni mstari wa juu. Mvua ni mstari wa juu. Chini kuna nini, Baba mukubwa? Ni yale ya E999? Au ni kwamba ni tamu kungojewa?

Nisamehe. Noeli iko karibu.

Vahwere


Bunia, 13 Novemba 1983

Baba mukubwa,

Sijapata jibu. Gaspard amepita na vitenge, hana bahasha. Anasema alikukuta kibandani umekaa, barua yangu iko mbele yako, na ulimuuzia daftari bila kumsalimu. Kijana wa Kisangani amefika. Ni mpole, anaitwa Kasereka, amepewa kiti nje ya ofisi ya Théodore, anangoja. Ninapita mbele yake kila asubuhi.

Kama nimekukosea, nigombeze. Lakini andika.

Vahwere


Mwanza, 4 Desemba 1983

Barua hii isomwe kwa sauti na Vahwere, Mathieu akiwa amekaa, na Emérance awepo, pamoja na wazee wawili wa ukoo walioko Nyakasanza. Gaspard anaondoka nayo kesho alfajiri, na nimemwapisha asilale Kampala.

Ndugu yangu Mathieu, mke wa ndugu yangu Emérance, wazee wangu,

Ninawasalimu mmoja mmoja. Hélène hatembei tena mbali kuliko kisima, lakini anawasalimu.

Vahwere hakunikosea. Aliniuliza swali ambalo hakuna mtu mzima wa nyumba yetu aliyethubutu kuniuliza, na aliuliza kwa utaratibu wa kazi yake. Sitalijibu hapa. Kuna mistari ambayo mtu huacha wazi, hata karani mzuri hukutana nayo. Mwanangu, ukiona fiche ya namna hiyo, najua unafanya nini: unaandika kile ulicho na uhakika nacho, na hubuni kingine.

Ninaandika kile nilicho na uhakika nacho.

Mathieu, una haki. Neno la kumwachia binti halitumwi kwa bahasha. Baba yetu alimtazama dada yetu machoni siku alipomruhusu kwenda kwa masista, nami nilikuwepo, na wewe ulikuwa mdogo umelala. Kwa hiyo sitaamua. Mnaniambia kuamua kwa barua siwezi, nami nakubali. Kuacha ukubwa ninaweza. Mtu anayeacha hahitaji kumtazama mtu machoni. Anahitaji mashahidi tu, na mashahidi mko hapo mmekaa.

Umeogopa miaka yote hii kwamba ukisema kabla yangu utakuwa umenizika. Sikiliza, mdogo wangu. Nakula, nauza madaftari, nagombana na kuku. Siko kaburini. Niko Mwanza. Ni mahali pengine kabisa, na unaweza kunisalimu huko.

Na kwa kuwa mmeningoja miaka mingi, acheni niwaambie nilichoona mwaka huu. Jioni, nikishafunga kibanda, nafikiria chumba kile cha fiche. Nafikiria watu wa mji wangu, wale niliowajua na wale waliozaliwa baada yangu, kila mmoja karatasi yake, na mjukuu wa mama yangu anazichukua moja baada ya nyingine, anashuka mpaka chini, anampa kila mtu namba ambayo dunia nzima inaielewa. Hakuna anayepotea. Aliyepigwa na radi shambani hapotei. Mtoto aliyezaliwa na kufa siku hiyohiyo, ambaye hata jina hakupewa, hapotei. Nimeishi miaka sitini na mmoja na sikujua kwamba kuna kazi kama hiyo chini ya jua. Nikiifikiria navua kofia, peke yangu, ndani ya nyumba, na Hélène ananiuliza nimeona nini.

Mathieu, ulisema kwamba kama neno lingekuwa lako ungemwachia aende siku hiyohiyo. Kuanzia saa hii ambapo Vahwere anasoma mstari huu, neno la nyumba ni lako. Mkubwa wa nyumba ya Nyakasanza ni wewe. Mtazame binti yako, yuko mbele yako.

Msinisubiri tena kiangazi hiki wala kingine. Mimi, Mumbere Anselme, sitarudi Bunia.